Maji Niliyomnyima Mama Mkwe

Nilizaliwa Ndhiwa, kwenye mahindi na miwa, nikaolewa Karungu, kwenye maji ya ziwa. Kwa hiyo wanaume wa bichi yetu waliponichagua niwe mwenyekiti wa BMU, ile kamati inayotunza ufuo, nadhani walitaka mtu mpole wa kuongoza maombi kabla ya mkutano. Shauri yao.

Jambo la kwanza nililolisimamia ni kufungwa kwa ghuba ndogo iliyo nyuma ya mafunjo. Hapo ndipo samaki tuwaitao ngege huzaliana. Dume huchimba kitanda chake mchangani, jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Ukipita hapo kwa miguu umevuruga nyumba za wenyewe. Tulichomeka vijiti vyenye vitambaa vyeupe, tukakubaliana kwamba haingii mtu, awe na wavu, awe na ndoo. Walionuna walinuna. Baada ya misimu kadhaa, ngege wa kujaa sahani walianza kuonekana tena kwenye nyavu zetu huku nje, na wale walionuna wakajisifu kwamba wazo lilikuwa lao.

Ndipo mama mkwe wangu akakubali kubatizwa.

Alikuwa amewakwepa wachungaji maisha yake yote. Akiwaona wanakuja alitokea mlango wa nyuma na kiko chake. Alipokubali, kanisa letu la Wasabato lilifurahi, nami nikafurahi kuliko wote, maana nilikuwa nikimwombea tangu nilipoolewa. Lakini alitoa sharti: atazamishwa kule ghubani, si kwingine. Huko ndiko alikooga alipoletwa kama bibi arusi, na marehemu mumewe ndiye aliyempeleka.

Mchungaji alimuunga mkono. Alisema maji ya bichi yana mafuta ya injini na magamba ya samaki, na kwamba Mungu aliyemuumba ngege hawezi kukasirika kwa asubuhi moja. Mume wangu alisema huyo ni mama, basi. Mimi niliwaza kwaya, jamaa na waumini wote wakikanyaga mle ndani na viatu vyao mkononi. Nilikataa.

Mama mkwe alikuja hadi mlangoni pa jikoni. Hakupaza sauti.

"Nyar Ndhiwa," akaniita, yaani binti wa Ndhiwa, kama alivyoniita siku zote. "Kwenu kuna mahindi. Maji haya unayajulia wapi?"

"Mama, nikikufungulia wewe leo, kesho nitamfungia nani?"

Wiki hiyo yote hakugusa chakula changu. Alikula kwa mke wa shemeji yangu, na njiani watu walinisalimia wakitazama pembeni. Mke wa mtoto kumnyima mama mkwe maji ya ubatizo! Iliniuma sana. Nililia nikikaanga omena, lakini neno langu sikulibadilisha.

Sabato ilipofika alibatizwa bichi, katikati ya mashua mbili. Maji yalikuwa mafupi mno, ikabidi mchungaji amketishe kwanza ndipo amlaze. Aliibuka na gugu-maji kwenye kitambaa cha kichwa, akapiga chafya, kwaya ikaimba. Hakunitazama. Ulipita muda ndipo akaanza tena kula kwangu, bila kulitaja lile jambo, nami sikumuuliza.

Mwaka huu akaja bwana mmoja kutoka mjini, na gari, na vijana wenye mapanga. Alitaka kufyeka mafunjo ajenge gati la kupokelea wageni wa hoteli anayoipanga. Alikuwa ameshaongea na baadhi ya wanakamati wangu pembeni, maana ghafla walianza kusema kwamba ghuba ni kubwa, kwamba tumpe upande mmoja tu. Nilisimama mbele ya mafunjo nikabishana naye mpaka koo likanikauka, huku wenzangu wakirudi nyuma mmoja mmoja. Siku hiyo niliogopa kwamba tutashindwa.

Mama mkwe alikuwa anatoka shambani. Yule bwana alimsalimia kwa heshima, akamweleza kwa Kiswahili kizuri jinsi mradi utakavyowaletea akina mama maendeleo. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Mimi niliolewa hapa," akamwambia. "Bwana yangu amezikwa hapo juu. Na huyu bibi ya kijana yangu alininyima hii maji siku yangu ya kubatizwa. Mimi. Sasa wewe ni nani?"

Yule bwana aliwageukia wanakamati. Wote, pamoja na wale waliokuwa wameanza kumtetea, walikuwa wameshakuja kusimama kando ya mama mkwe. Akawaambia vijana wake warudishe mapanga garini.