Gitaa Langu la Besi na Ng'ombe wa Mzee Gidamis

Jamani, gitaa langu la besi limefika leo, na sijui kama nitalipiga tena.

Ni lile lile la mbao nyekundu nililowasumbua nalo tangu shuleni. Nimelishusha kwenye basi la Arusha nimelikumbatia kama mtoto!

Nikaweka spika uani, nikagusa waya mnene wa gitaa. Ardhi ikanguruma.

Ng'ombe wa jirani yangu, Mzee Gidamis, walikuwa malishoni, pale palipokuwa shamba la ngano la serikali. Wakaacha kula. Wakaenda wote kusimama mahali pamoja, vichwa chini.

Nikaacha kupiga, wakatawanyika. Nikapiga, wakarudi palepale.

Nikacheka, nikarekodi.

Mara mzee huyu hapa, anahema.

"Shikamoo babu."

Hakuitikia. (Mnajua huku salamu haiachwi hewani.)

"Pale waliposimama ni kwa baba," akasema. "Tulimzika, tukamjengea tuta kubwa la udongo. Trekta za ngano zikalisawazisha. Nimepatafuta mpaka nimezeeka. Piga tena."

Nikapiga. Akaingia katikati ya ng'ombe, akachomeka fimbo yake ardhini, akapiga magoti.

Nikazima spika kwa heshima, nikafunika nyaya kwa kiganja.

Nikamsikia: "Shikamoo, baba."

Waya mnene ukanguruma wenyewe chini ya kiganja changu. Mara moja tu.

Mzee akanigeukia, machozi yanamtoka.

"Ameitikia."

Gitaa liko ndani. Mimi niko nje na simu. Nyie mngeingia?