Tuta la Boriti za Mkandaa

"Haya, kateni."

Nilisema hivyo nimesimama nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri, viatu vyangu mkononi. Ningeweza kukataa. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu, na wote waliokuwapo pale walikuwa wakingoja kauli yangu. Nimefanya makosa mengine maishani, lakini hili ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Mtaa wetu uko pembeni mwa Chake Chake, pale mji unapoteremka kuelekea kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Kati ya nyumba na hori pana bonde la mpunga. Sisi wanaume tuna mikarafuu na minazi yetu, lakini bonde ni la wanawake, na kipande hutoka kwa mama kikaenda kwa binti. Mke wangu alikuwa na kipande chake, cha mwisho kabisa upande wa bahari, alichoachiwa na mama yake. Mbele yake ulisimama ukanda wa mikandaa, ile miti ya jamii ya mikoko, iliyonyooka, ambayo tangu zamani tunaikata boriti za kujengea.

Nilipokuwa kijana, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yalikuwa yakiishia kwenye mizizi ya miti hiyo. Siku hizi yanapita. Pembe moja ya kipande cha mke wangu ilianza kuwa nyeupe kwa chumvi, na mpunga wa hapo ukitoa mapepe matupu.

Mji ulikuwa na mpango wa kukabiliana na hali hiyo, na afisa mmoja, binti mdogo kwa umri, alikuja kutueleza katika skuli yetu. Mikoko ingepandwa, mitaro ya mtaani ingezibuliwa, na pale bondeni lingejengwa tuta la mawe lenye mlango wa kutolea maji. Mji ungeleta mawe, sisi tutoe nguvu zetu.

"Na mkitaka kutusaidia zaidi," alisema yule binti, "miti iliyopo msiiguse. Hata ufito mmoja."

Nilikaa mstari wa mbele nikawa naitikia kwa kichwa. Nimesoma mpaka sekondari, na sikuwa na kisingizio cha kutomwelewa.

Mawe yalichelewa. Gari moja lilikuja likamwaga rundo dogo, kisha barabara ikaharibika na magari hayakuonekana tena. Masika yakawa yanakaribia. Mke wangu alikuwa ameshaloweka mbegu.

"Baba watoto, hayo mawe yenu yaja au hayaji?" aliniuliza. "Mie sipandi mpunga wa kuwalisha kaa."

"Subiri kidogo."

"Mie nasubiri. Mwambie na bahari isubiri."

Kwa hiyo yeye naye alinisukuma. Naliandika hili kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, si kwa kutaka tugawane lawama. Yeye hakuwapo siku ile skulini. Mimi nilikuwapo.

Basi jioni ile nje ya msikiti wanaume wakanizunguka.

"Mwenyekiti, mawe yako yako wapi?" aliuliza fundi mmoja wa madau.

"Yamekwenda hija kwanza," mwingine akadakia. Wakacheka, kisha fundi akaendelea.

"Yakhe, boriti zi pale pale, mbele ya macho yetu. Tupige uzio, tujaze udongo, siku mbili tatu kazi imekwisha. Ama Mwenyekiti amwogopa yule binti?"

Hapo ndipo waliponipata. Nilikuwa mzee wa mtaa, nikaona haya kuambiwa namwogopa mtoto. Nikasema wakate, lakini wachague. Neno hilo la "wachague" nililiongeza ili nijisikie vizuri.

Tukafanya msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Wanaume walikata na kuchimba, wanawake walibeba udongo kwa makarai na kupika. Uzio ulisimama safu mbili, boriti kwa boriti, katikati udongo ulioshindiliwa. Nikiri kwamba lilikuwa tuta la kupendeza. Mke wangu alitembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniletea sahani ya wali kwa mkono wake mwenyewe.

"Leo nimeona faida ya kuolewa na mwenyekiti," alisema mbele ya wenzake, nao wakapiga vigelegele.

Yule afisa alikuja baadaye. Alitazama tuta, kisha akatazama mbele yake, pale penye visiki.

"Mzee, mmekata?"

"Tumechagua tu, binti yangu."

"Naona mmechagua yote."

Hakunigombeza. Aliomba tuongeze udongo na tupachike bomba la kupitisha maji. Udongo tuliongeza. Bomba tukasema tutaweka.

Bamvua kubwa lilikuja na mvua ya masika, asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri. Hapakuwa na kitu cha kuvunja mawimbi tena. Yalipiga moja kwa moja kwenye udongo, na tuta likafumuka mahali pamoja, mbele ya kipande cha mke wangu. Maji chumvi yakaingia bonde zima. Kisha maji yakaanza kupwa, na tukaona jambo ambalo hatukuliwaza. Pale palipofumuka palikuwa juu kuliko bonde. Maji yaliyokwishaingia hayakuwa na pa kutokea. Tuta lilikuwa limeyashika.

"Bomoeni! Bomoeni chini!" fundi wa madau alikuwa akipiga kelele, jembe mkononi. Lakini boriti tulizipigilia kwa nguvu zetu zote, na mkandaa ni mti mgumu. Tulichimba mpaka bahari ikapanda tena.

Mke wangu alikuwa ndani ya maji, anang'oa miche ya mpunga. Aliijaza kwenye beseni, akaipeleka nyumbani akaiosha kwa maji ya mfereji, yasiyo na chumvi, mche mmoja mmoja, kama mtu anayeosha mchicha.

"Itapona," alisema.

Haikupona.

Mawe yalikuja mwishoni. Tuta la kweli likajengwa, lenye mlango wake, na limesimama mpaka leo. Nyuma yake ardhi ni nyeupe. Nilimuuliza yule afisa chumvi itatoka lini.

"Mvua itaiosha, Mzee. Lini, siwezi kukudanganya."

Tangu hapo nafanya kila tunaloambiwa. Nazibua mtaro mbele ya nyumba yangu na ya jirani. Nimeacha kuni, napikia gesi. Mji ukiita watu kwenda kupanda mikoko natangulia, nasimama kwenye tope na magoti yangu mabovu, nachomeka miche. Mingi huchukuliwa na maji kabla haijashika. Iliyobaki hainifiki gotini. Vijana huniambia nikapumzike, na ni kweli kwamba siwasaidii sana.

Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ingekuwa afadhali. Msimu uliofuata alikwenda Shumba, kaskazini ya kisiwa chetu, kwa mdogo wake aliyeolewa huko, akaazimwa kipande cha kulima. Aliporudi baada ya mavuno alileta kapu la mchele. Msimu wa pili alirudi kwa Idd tu. Baada ya hapo akawa harudi. Hatujaachana wala hatujagombana. Nikimpigia simu huniuliza kama nimekula, huniuliza presha yangu. Mara moja nilimwomba arudi nyumbani.

"Nirudi nilime nini?" alisema, kwa upole kabisa.

Kwa kusema "kateni" nilimpotezea mke wangu bonde alilorithi kwa mama yake, na kwa kukosa bonde nikampoteza yeye. Yeye anaishi Shumba. Mimi naishi hapa peke yangu.