Kijani Kwenye Mlingoti

Mkasi mkubwa ukikata kitambaa juu ya meza ya mbao hausemi krap-krap kama watu wanavyouigiza. Unasikika kama ng'ombe anayetafuna majani mabichi, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Sauti hiyo bado ninayo masikioni, maana siku ile mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na kitambaa kilikuwa cha bendera ya taifa.

Nilikuwa fildi kwa mama mmoja fundi cherehani, kwenye baraza moja pale Majengo, Songea. Chuo chetu cha ufundi kilitutawanya kwa miezi miwili tukajifunze kazi kwa vitendo, na ukishapelekwa, jina lako linakufa, unaitwa Fildi. "Fildi, leta chaki." "Fildi, hebu nisomee tepu hapo." Tepu nilimsomea mara nyingi mno. Nilidhani ananifundisha.

Sikukuu ya Uhuru mwaka huo iliangukia Jumatatu, kwa hiyo mji ulipata mapumziko ya siku tatu. Mvua zilishaanza, na wenye mashamba walikwenda kupanda mahindi. Mimi ningeweza kwenda kwetu Namasakata, Tunduru, lakini mama yangu aliponipigia simu nikamwambia nabaki.

"Korosho za mwisho zinaokotwa huku, wewe unabaki kutazama kitambaa?"

"Nimekishona mimi, mama."

"Haya. Basi kitazame vizuri."

Na kweli nilikishona mimi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule Mshangano aliagiza bendera mpya, ya zamani ilikuwa imechanwa na upepo, na mama fundi akaniachia kazi yote: kijani, bluu, mkanda mweusi wa kukatiza katikati na mistari yake ya njano. Kichwani nilishafika mbali. Nilijiona nina vyerehani kumi, nashonea ofisi zote za mkoa. Ijumaa jioni kilibaki kipande cha turubai nyeupe cha kupitishia kamba. Umeme ukakatika, wingu likatanda, nikatumwa mkaa wa pasi. Niliporudi mama fundi alikuwa ameshaimalizia mwenyewe, na mwalimu ameshaichukua.

Jumamosi asubuhi mwalimu akarudi nayo kwapani. Barazani walikuwepo akina mama wawili wa kwaya wakisubiri sare zao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama fundi, nimeijaribu kwenye mlingoti. Kamba mmeiweka upande wa bluu, kijani kinapepea huko nje. Jumatatu diwani anakuja, ataniuliza hii ni nchi gani."

Mama fundi akaipokea. Akaileta karibu na uso, karibu kabisa, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa turubai, akahamia ukingo wa pili, akarudi. Hapo ndipo nikazielewa zile tepu zote. Katika mwanga wa Ijumaa ile, kijani na bluu kwake vilikuwa giza moja. Wale akina mama wakaanza kutazamana. Majengo kila baraza lina cherehani. Fundi akishasemwa kwamba haoni, wiki inayofuata sare zinashonwa ng'ambo ya barabara.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.

Akanigeukia. "Wewe mtu wa wapi?"

"Tunduru. Myao."

Uso wake ukafunguka. Yeye Mngoni, na sisi ni watani. "Nilijua tu. Mama fundi, umempa Myao cherehani, unategemea nini?"

"Mwalimu, babu zenu waliwakimbiza babu zetu mpaka tukasahau kushoto na kulia. Mngetukimbiza taratibu, leo bendera ingekuwa sawa."

Akina mama wa kwaya wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mwalimu akavuta kigoda. "Haya, fumua. Nakaa hapa hapa, usije ukaweka kamba katikati."

Nikafumua, nikashona upya. Mama fundi hakunitazama. Wote walipoondoka akasema, "Umesema uongo mbele za watu, Fildi."

"Nimetania tu, mama."

"Aa." Akachukua kitambaa kingine, akakishika bila kukifanya chochote. "Jicho la kulia ni tangu mwaka jana. Sasa na la kushoto limeanza. Nitakwenda hospitali mahindi yakishapandwa."

Jumatatu tukaenda wote Mshangano. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Watoto wakaimba wimbo wa taifa, skauti mmoja akavuta kamba, na mimi machozi yakanitoka kama mjinga. Mama fundi akaniinamia.

"Imekaaje?"

"Kijani kiko kwenye mlingoti, mama, juu. Mkanda mweusi unapanda kwenda kulia. Upepo umeijaza."

"Na mishono?"

"Haionekani kutoka hapa."

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. Mchana tukala wali na maharage nyumbani kwake, tukanywa soda, akawasema Wayao mpaka akachoka.

Jumanne niliwahi barazani kabla yake. Nikamwaga sindano zake zote mezani, nikazitunga uzi moja moja, kila moja rangi yake, kisha nikazichoma kwenye kipande cha sponji kwa mstari ambao kidole kingeweza kuuhesabu: kijani mwanzo kabisa, bluu mwisho kabisa, na rangi nyingine zote katikati.