Ramani ya Ulimi

Mafunzo ya mtaala mpya yalifanyika wakati wa likizo, katika ukumbi wa shule moja hapa Isiolo. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango kama kawaida yangu, kwa maana sipendi kukaa mahali ambapo kutoka ni taabu. Mkufunzi alikuwa kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha kusoma. Karibu saa nne, akituonya kuhusu mambo tunayofundisha kwa mazoea, akasema kama mtu anayetaja habari ya juzi: "Kwa mfano ile ramani ya ulimi. Utamu mbele, uchungu nyuma, uchachu pembeni. Ile si sayansi. Ulimi unaonja kila kitu karibu kila mahali." Walimu wakacheka, kisha tukaambiwa twende chai.

Chai yangu ilipoa mkononi. Ramani hiyo nilikuwa nimeifundisha tangu nilipotoka chuoni, na naweza kuichora bila kufungua kitabu: ulimi mkubwa kama wayo wa kiatu, chaki nyekundu kwenye ncha, ya kijani pembeni, ya bluu kule nyuma. Wakaguzi waliwahi kuusifu ubao wangu. Nikamuuliza mwalimu wa hesabu aliyekuwa kando yangu kama yeye alijua.

"Kwani wewe, mwalimu," akasema, "siku zote ukila chumvi huisikia pembeni tu?"

Akachukua andazi la pili. Nilimkasirikia mpaka jioni. Nimekula chumvi kila siku ya maisha yangu.

Jumamosi asubuhi nilitoa sukari, chumvi na ndimu jikoni, nikachuma majani ya mwarobaini kando ya choo nikayatwanga na maji, nikachukua vijiti vya pamba na kioo cha kunyolea cha mume wangu. Nilianza nikiwa nimeketi, nikamalizia nikizunguka meza. Sukari nyuma: tamu. Mwarobaini kwenye ncha: mchungu mpaka machozi. Ndimu mbele, pembeni, katikati: chachu, chachu, chachu. Nikasuuza mdomo nikarudia. Mume wangu akaja mlangoni, akaniona nimetoa ulimi mbele ya kioo, akauliza kama ni daktari aliyeniagiza. Nilimwambia atoke. Alitoka akicheka, na mimi nikarudia mara ya tatu, nikitafuta mahali pamoja tu ambapo kitabu kilisema kweli.

Ningeweza kusema nilisumbuka kwa ajili ya sayansi, lakini ningekuwa najipamba. Nilisumbuka kwa ajili ya msichana mmoja.

Ilikuwa miaka minane nyuma, darasa la sita, shule yetu ya Bulla Pesa. Nilileta vitu vilevile vinne katika vifuniko vya soda, na kila mtoto nikampa kijiti safi. Nikauliza, "Sukari mnaisikia wapi?" Wakajibu "Mbeleee!" wengine kabla kijiti hakijafika mdomoni. Chumvi, pembeni. Mwarobaini, nyuma. Darasa zima lilisikia kile kilichokuwa ubaoni, na mimi nikafurahi sana, nikawaambia kwamba hii ndiyo sayansi, hatuamini mpaka tujaribu wenyewe.

Msichana wa dawati la tatu akainua mkono. "Mwalimu, mimi nasikia ndimu mbele pia. Nasikia kila mahali."

Wenzake wakacheka. Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu, akasema vilevile. Nikamwita mbele, nikamsimamisha ubaoni, nikampa kijiti kingine. "Tulia. Angalia mchoro. Ndimu unaisikia wapi?" Akaweka kijiti kwenye ncha ya ulimi. Safari hii hakuangalia mchoro. Aliniangalia mimi usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Pembeni, mwalimu."

"Mmeona?" nikasema. "Mpigieni makofi."

Wakampigia, naye akarudi dawati la tatu akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ni haya tu.

Kitu ambacho sikukijua, au sikujali kukijua, ni kazi ya kwao. Mama yake ni mmoja wa wanawake wanaopokea maziwa ya ngamia mjini. Kila asubuhi magari huleta mitungi kutoka malishoni, na kila mtungi huonjwa kabla ya kumiminwa kwenye pipa kubwa la kwenda Nairobi, kwa sababu mtungi mmoja uliochacha utaharibu pipa lote. Mtoto yule alikuwa na ulimi wa ajabu. Siku zisizo za shule alisimama kando ya mama yake, na wanawake wengine walimletea mitungi waliyoitilia shaka. Akionja aliweza kukuambia ngamia wamekula vichaka vya chumvi au la. Haya yote nilikuja kuambiwa na mama yake, wiki mbili baada ya somo langu, kwa hasira.

Alifika shuleni saa ya mapumziko. "Salaam aleikum, mwalimu."

"Habari, mama. Karibu kiti."

Kiti hakukitaka. "Hii mtoto yangu umemfunza nini? Maziwa ya kutoka Ngaremara ilikuwa imeanza kuchacha. Ameonja, ameniambia iko sawa. Pipa yote imerudishwa kutoka Nairobi. Namuuliza, hukusikia? Anasema, nilisikia na mbele ya ulimi, lakini mwalimu alisema mbele ni ya sukari tu, nikajua ni uongo yangu."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nilichukua karatasi, nikachora ulimi, nikapaka rangi pande zote, nikamweleza mama yule taratibu, kwa sauti ninayotumia kwa watoto wa darasa la pili, jinsi uchachu unavyosikika pembeni, na kwamba mtoto aonje kwa pembeni. Nikampa karatasi aende nayo. Aliikunja akaitia ndani ya shuka yake, akaondoka bila kuniaga. Nami nikarudi darasani nikiwa nimeridhika.

Sasa, Jumamosi hii, mdomo bado una mwarobaini, sikuweza kukaa nyumbani. Nilifagia, nikaacha katikati. Nikavaa viatu, nikavua, nikavaa tena. Mwisho nikaenda.

Niliwakuta mahali pao, kwenye kibanda cha mabati, mitungi ya njano imepangwa kwenye kivuli. Msichana amekuwa mwanamke, mrefu kuliko mimi. Alikuwa akibeba. Anashusha mitungi, anaifungua, anaisogeza kwa mama yake, na mama yake hafanyi kitu, anangoja. Jua lilikuwa limeshapanda. Wenzao wengi walikuwa wamekwisha kumimina.

"Mnangoja nini?" nikauliza baada ya salamu.

"Jirani amalize yake, atuonjee," mama akasema. "Mimi ulimi umekufa na dawa ya presha. Sisikii kitu. Kila siku sisi ndio wa mwisho, na maziwa haingoji mtu. Juzi imeharibikia hapa hapa kwa jua."

"Na huyu?"

"Huyu haonji. Toka ile siku." Akanitazama vizuri, akanitambua. "Ile karatasi yako niliwashia moto, mwalimu."

Nilisema nilichokwenda kusema, na nilikisema vibaya, nimesimama, mikono haijui pa kukaa. Nilisema ramani ile ni uongo. Nilisema nimejaribu asubuhi hii kwa ulimi wangu mwenyewe, kila mahali, na ndimu ilisikika mbele. Nikamgeukia msichana. "Siku ile wewe ndiye uliyekuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea, na nikakufanya useme uongo mbele ya darasa. Nisamehe."

Nilitaka akasirike. Ningejua la kufanya na hasira. Yeye akafuta mikono kwenye dera lake, akasema kwa upole, "Si neno, mwalimu. Ilikuwa kwa kitabu."

"Basi onja."

"Hapana. Mimi siwezi."

"Onja," mama yake akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Msichana akaufikia mtungi uliokuwa karibu, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja. Kisha akainua macho, akaniangalia usoni, kwa muda mrefu, vilevile kama siku ile ubaoni. Alikuwa akitafuta jibu.

Nilihisi uso wangu ukitaka kumsaidia. Sikujua hata maziwa yale yako namna gani, lakini nyusi zangu zilikuwa tayari kukubali au kukataa, ni kazi yangu ya miaka yote hiyo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mkaguzi yeyote. Nikageuka, nikampa mgongo, nikatazama barabara.

Lori la ng'ombe likapita. Likafuatwa na mwanamume mwenye baiskeli na magunia. Nilikuwa nikiuma ulimi wangu mwenyewe nisije nikasema "jaribu tena". Miguu ilinisumbua. Nilitaka kuondoka, nilitaka kugeuka, nikabaki.

"Mama," akasema hatimaye, "hii usimwage kwa pipa. Imeanza."

Halafu nikasikia mtungi ukiburutwa kando juu ya kokoto, na kifuniko cha mwingine kikifunguliwa.

"Haya," mama yake akasema. "Onja na hii."

Sikugeuka.