Kisu Kisichojikunja

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Mjaka havinyooki. Mgeni akimpa mkono na kuuliza kulikoni, Mjaka hujibu, "Mbuzi wa Bi Tabia," na mgeni hubaki ameduwaa. Mimi ni jirani yake, nitasema mimi.

Magari ya watalii hupita hapa kwetu Chwaka mbio, utadhani pwani itahama kabla hawajafika. Na sisi, kwa uzembe wetu, mifugo tunaifunga kamba ndefu kando ya lami. Mnyama akigongwa, muda ni mdogo. Akichinjwa roho haijatoka, ni halali, mtaa mzima unakula. Roho ikitangulia kisu, ni kibudu, na kibudu hufukiwa. Basi kila ajali ilikuwa watu wazima kukimbia huku na huku wakipiga kelele, "Nani ana kisu? Nani ana kisu?" na mnyama anakoroma chini, miguu inachimba vumbi. Ilikuwa aibu tupu, na mimi iliniudhi kuliko nnavyoweza kueleza.

Mjaka ni dereva wa bodaboda, ajali nyingi humkuta yeye kwanza. Alichoshwa na kelele zile akanunua kisu cha kukunja, mpini mwekundu unaong'aa, kizuri cha kutazama. Mbuzi wa Bi Tabia alipogongwa kwenye kona ya skuli, kiuno kimevunjika, Mjaka alimlaza kuelekea kibla, akambana kichwa, akasoma dua ya kuchinja, akaweka makali shingoni. Mbuzi akarusha mguu wa mbele. Ukwato ukapiga mgongo wa kisu, na kwa kuwa hakikuwa na kitu cha kukizuia, kikajikunja juu ya vidole vya mwenyewe hadi mfupani. Damu ya mtu na damu ya mbuzi zikawa dimbwi moja. Mnyama alikufa koo limekatwa nusu, macho wazi, na Bi Tabia alilia kwa mateso yale kuliko alivyoililia nyama. Tulimfukia siku ile ile.

Vidole vilipopona vikiwa vimepinda, watu walidhani Mjaka hatashika kisu tena. Wapi! Alikwenda mjini, sokoni Darajani, kwa Mkadam, muuza visu na makufuli, akaganda mbele ya meza yake.

Mkadam alimtolea kikubwa chenye meno. "Hichi hapa, yakhe. Mtu akikuona nacho tu anakimbia."

"Mie sitaki mtu akimbie. Meno yanachana, hayakati. Nnataka makali yaliyonyooka."

Akapewa kingine. Mjaka alikifungua kwa dole gumba, mkono mmoja, maana wa pili huwa umeshika kichwa cha mnyama. Akakikandamiza mgongo kwenye ukingo wa meza. Kikajikunja, akakirudisha. Cha tatu kilitikisika kwenye maungio. Cha nne aliulowesha mpini kwa maji ya kunywa ya Mkadam mwenyewe, ukamteleza.

"Weye unachagua kisu au unachagua mke?" Mkadam akafoka.

"Mke hajanikata vidole."

Mwisho kikapatikana. Kilikuwa kifupi, ubapa hauzidi kidole cha kati, mpini wa kukwaruza, na ndani yake ulimi wa chuma. Kikifunguka, ulimi huruka ukasimama nyuma ya ubapa, tak, na kisu hakirudi mpaka uusukume mwenyewe. Mjaka alikigonga mgongo mezani hadi bilauri ya Mkadam ikaanguka. Hakikurudi.

Tangu hapo hatukuzika kibudu. Alimwahi ng'ombe aliyepasuka tumbo, akamwahi ndama aliyeburutwa chini ya lori. Ikawa kisu kikilia tak tu, mdomo wa Mjaka unatangulia wenyewe: "Bismillahi, Allahu Akbar." Mkewe Ulfat alikichukia kisu kile. Mjaka alikiosha kwa sabuni na ndimu, na bado Ulfat alimwambia, "Usinimenyee chungwa kwa mauti hayo."

Siku waliyokuwa wakienda harusini Kikwajuni, Ulfat alipanda pikipiki, akakaa upande, kajitanda mtandio mrefu wa hariri. Nilimwambia aukunje ncha. Akacheka, akasema hariri haikunjwi. Hawakufika mbali. Upepo ukaibeba ncha, mnyororo ukaidaka, gurudumu likaivuta. Ulfat aling'olewa nyuma kama kuku anavyokamatwa. Pikipiki ikaanguka, naye chini, shingo imebanwa kwenye gurudumu, uso unageuka rangi, visigino vinapiga lami. Tulikimbia sote tukivuta nguo kwa mikono, na kila tukivuta tunamkaba zaidi.

Mjaka, paji la uso linamwaga damu, alipiga magoti. Akakishika kichwa cha mkewe, akakibana vile anavyojua. Tak. Akapenyeza ubapa baina ya hariri na ngozi, makali nje. Ulfat, hajijui hajitambui, akarusha mguu, goti likaupiga mkono wa Mjaka, mgongo wa kisu ukakandamiza shingo. Nilifumba macho. Kisu hakikurudi.

"Bismillahi, Allahu Akbar!"

Nilipofumbua, nilimwona Ulfat macho yamemtoka, anamtazama mumewe. Kasikia. Kisu shingoni, maneno yale, na mwanamume mwenye damu usoni. Hariri ikakatika. Ulfat akavuta pumzi kwa sauti iliyotutia baridi, kisha akamuuma Mjaka mkono hadi damu ikatoka.

Alipona. Ana kovu kama la kamba shingoni na mkato mdogo chini ya taya. Hospitali muuguzi alimuuliza amefanywaje, akajibu, "Mume wangu kanichinja," na muuguzi nusura aite polisi. Kijiji kilicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Alilala kwa mama yake mpaka mshono ulipotolewa, na aliporudi, Mjaka akisema bismillahi kwenye sinia ya wali, mkono wa Ulfat ulikwenda shingoni.

Jioni moja nilikuwa nao barazani. Ulfat akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za samaki, "Mjaka, siku ile ulisoma niokoke, au nisife kibudu?"

Mjaka aliviangalia vidole vyake vilivyopinda. "Sijui, mke wangu. Wallahi sijui."

Asubuhi yake walikuwa na safari ya mjini. Ulfat alijifunga mtandio mfupi, akaupapasa mfuko wa mumewe mpaka akakigusa kisu, ndipo akapanda.