Karanga Kidogo Tu

Jina langu ni Godelieve. Nashona nguo za wanawake katika mtaa wa Kamalondo, na kabla ya yote mjue kwamba mimi si mtu wa kutulia. Mguu ukiwa kwenye mashine, jicho liko mlangoni. Mume wangu husema hata usingizini napiga pasi. Kwa hiyo habari hii ikirukaruka, nivumilieni. Nilizaliwa hivyo, na ugonjwa umenizidishia.

Zamani nilikula karanga kama kila mtu hapa kwetu: za kukaanga, za kuchemsha, zilizotwangwa kwenye mboga. Kwa nini mwili ulibadili mawazo, sijui. Nilikuwa nimemzaa mtoto wangu wa tatu. Siku moja nikawa natafuna karanga huku nakata kitambaa, mara midomo ikaanza kuwasha. Ikavimba mpaka mteja niliyekuwa nampima akapiga kelele. Mabaka mekundu yakanitoka tumboni na mapajani, nikatapika. Jioni yake nilikuwa mzima, nikaicheka sura yangu kwenye kioo. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu pumzi yenyewe ilianza kupiga filimbi.

Daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza nilichokula, akasema, "Mama, iko allergie ya kalanga. Unaachana nayo kabisa. Kila mara inaweza kukuya mubaya zaidi."

"Hata ile ya mu mboga?" nikamuuliza.

"Hata ile ya mu mboga. Na ikikukamata, ulale chini, miguu juu. Usisimame, usitembee."

Usitembee! Kumwambia mtu kama mimi!

Hapo ndipo mahangaiko yalipoanza. Katika mji wetu, mboga isiyo na karanga za kutwanga watu huiona kama chakula cha adhabu. Msibani, arusini, kwenye ubatizo, nilifika na kikopo changu cha chakula kama mtu aliyetoka gerezani. Wakasema naringa. Wakasema, "Allergie, allergie, anajifanya muzungu." Hao walikuwa afadhali. Wabaya zaidi walikuwa wale walionipenda. Walinitilia karanga kidogo tu, kwa siri, ili mwili uzoee. Nilianza kufunua masufuria ya watu, kunusa vijiko, kuuliza swali lilelile mpaka wenye nyumba wakachoka nami. Nilikonda. Karamu zilinitia hofu kuliko hospitali.

Basi, kikundi chetu cha akina mama wa parokia kikapanga safari. Tungepanda gari mpaka Kilwa yetu ya kando ya ziwa, si ile ya pwani, halafu boti kubwa ya injini ituzungushe ziwani hadi Pweto na kurudi, tukila na kulala humohumo. Tukaiita croisière yetu, kama matajiri wanaotalii kwa meli, tukacheka sana. Wifi yangu Charlotte, aliyekuwa kiongozi wa kikundi, akaniambia, "Ukibakia, na mi nabakia." Nikaenda.

Mpishi wa boti alikuwa Mama Mwansa, mke wa nahodha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya ziwa. Asubuhi ya kwanza nilimfuata kwenye jiko lake la makaa. Nikamwambia nina allergie ya karanga.

"Nimesikia, mama," akasema. "Usihangaike."

Nikahangaika. Nikarudi kumwuliza tena. Nikarudi tena, mpaka akanifukuza kwa mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu. Wenzangu wakacheka, nami nikaona haya, nikakaa.

Mchana tulikula bukari, samaki waliotoka kuvuliwa na matembele. Matembele yalikuwa laini, yenye mafuta ya mawese. Sijameza tonge la tatu, kaakaa likaanza kuwasha. Halafu viganja. Halafu masikio, ndani kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki.

"Mama Mwansa! Umetia kalanga?"

"Kiloko tu, mama! Kijiko kimoja, ya kulainisha. Ile haiwezi kukufanya kitu."

Nilitaka kumtukana lakini ulimi ulikuwa umejaa mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Koo lilibana kama mtu anayekaza kitambaa shingoni mwangu pole pole. Tumbo likanikata, nikatapika, na nikajichafua mbele ya akina mama wote, na wala sikujali. Nilijua nakufa. Si kwamba niliwaza, nilijua, jinsi unavyojua kwamba mvua inanyesha. Nikasimama nitembee, nikimbie, niende wapi, sijui, maji pande zote. Charlotte akanivuta chini. Akaweka miguu yangu juu ya gunia la unga na kunikalia mapajani kwa uzito wake wote huku akisali kwa sauti. Wifi yangu si mwembamba. Mungu ambariki kwa kila kilo.

Nahodha akageuza boti kuelekea kijiji kilichokuwa karibu, chenye kituo cha afya. Walinibeba wakiwa wamenilaza. Muuguzi hakuuliza mengi. Alinichoma sindano ya adrénaline pajani, akapitisha sindano juu ya kitenge changu. Moyo ukaanza kupiga mbio, mikono ikatetemeka, nikadhani sasa ndiyo dawa inaniua. Kumbe hewa ilikuwa inaingia. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama hewa ile.

Nilipoona nimepata nafuu, nikataka kushuka kitandani.

"Mama, lala!" muuguzi akafoka. "Ile inaweza kurudia."

Na kweli, kabla jua halijashuka, mabaka yakarudi na koo likaanza tena. Akanichoma mara ya pili. Safari hii nililala kama nilivyoambiwa, nikishika ukingo wa kitanda ili mwili usikimbie.

Boti ilikuwa imeendelea na safari kwenda Pweto. Charlotte alibaki nami. Siku zile za kungoja nilizunguka kile kituo mpaka mbuzi wakanizoea. Mvua ilikuwa imeikata barabara, hakuna gari. Njia ya kurudi kwa watoto wangu ilikuwa moja tu: boti ileile, jiko lilelile, mama yuleyule. Na kwenye boti watu hunawa katika beseni moja, wanamega bukari moja, mkono uliotoka kwenye mboga unaingia kwenye chakula chako. Hata nikibeba ndizi zangu, ni nani angenilinda na vidole vyao vyote? Muuguzi alinipa chupa ndogo za dawa na sindano, akamfundisha Charlotte kuchoma. Bado nilimwambia Charlotte kwamba siendi.

Boti iliporudi, Mama Mwansa alishuka mwenyewe, amevimba macho kwa kulia. Nilidhani ameleta pole. Alileta ugomvi.

"Juu ya nini haukusema ni kizila?" akanipigia kelele mbele ya watu. "Ulisema allergie! Mi najua ni nini? Mi nilisikia tu kalanga haikupendezi! Kama ulisema ni kizila, mi ningekulisha? Mi niko mulozi, muchawi?"

Niwaeleze wasio wa kwetu. Kizila ni chakula ambacho mtu haruhusiwi kula, mwiko wa ukoo wake au wa mwili wake. Mtu akikuambia hiki ni kizila kwangu, humwulizi sababu, humjaribu kwa kijiko kimoja. Hata sufuria iliyokigusa haimpikii. Nami neno hilo nilikuwa nimelikataa. Katika kikundi chetu tulifunga na kuomba ili Mungu atuvue vizila vya mababu, na mimi ndiye niliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikasimama pale ufukweni nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Charlotte alinitazama.

"Basi," nikasema. "Kalanga ni kizila yangu."

"Ya baba ao ya mama?"

"Yangu mie. Inaanza na mi."

Mama Mwansa akatikisa kichwa, ameridhika. Akaingia majini na sufuria, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa. Unga wa karanga uliobaki akampa mwanamke wa kijijini. Kwenye boti akanipikia kwanza, kabla ya wengine, kwa mwiko mpya, na bukari yangu akaifunika. Mwanamume mmoja aliyeomba lifti alipotaka kunyoosha mkono kwenye sahani yangu, Mama Mwansa akampiga kofi vidoleni. "Iko kizila yake ule mama!" Yule bwana akarudisha mkono haraka, akaniomba msamaha. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema naringa. Charlotte alikaa karibu, sindano mkononi, mimi nikamega tonge, nikatafuna, nikangoja. Kaakaa kimya. Viganja kimya. Nikala samaki mzima, nikalia juu yake, nikalamba mfupa.

Leo niko mzima. Ugonjwa haujaondoka, ila tunajuana. Ninyi wenye shida kama yangu, kuhusu chakula chochote kile, nisikilizeni. Mkipanda boti, mkienda arusini, msione haya kumfuata mpishi. Mwelezeni kwa neno ambalo yeye analiogopa, si kwa neno linalowapendeza ninyi. Ombeni mpikiwe kwanza. Sindano ije kwanza, vidonge vya allergie vitafuata, na jirani yako ajue kuichoma. Ukikamatwa, lala, hata kama roho inakuambia kimbia. Namshukuru Mungu, namshukuru muuguzi yule, wifi yangu na uzito wake, na Mama Mwansa, aliyekaribia kuniua na ambaye sasa namshonea vitenge.

Padri amesikia kwamba nalitumia neno lile la mababu kila mahali. Aliniita Siku ya Posho, yaani Jumamosi, siku yetu ya kuungama, akanitazama juu ya miwani yake. Nikamwambia, "Mon père, bora niungame kila Siku ya Posho kuliko munizike mara moja."