Barua ya Kusema Roselyne Hana Nyumba

Roselyne Nekoye alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini, na mikono yake haikutetemeka hata akishona mtu aliyepasuliwa kichwa kwenye ulevi. Lakini Alhamisi ile ya mwaka 2006 alishindwa kufunga vifungo vya sweta. Kesho saa sita benki yake ya Kitale ilitaka barua, na barua yenyewe ilikuwa mikononi mwa watu waliomfukuza.

Kwa miaka saba alikuwa akiweka akiba ya kununua nyumba, ile akiba ambayo serikali haigusi kwa kodi mradi mwenyewe awe hajawahi kumiliki nyumba ya kudumu popote. Sasa alikuwa amepata kanyumba ka vyumba viwili, kenye bati jipya na mti wa parachichi nyuma. Jelimo, karani wa benki, alimsomea masharti huku akigonga muhuri karatasi za watu wengine.

"Wewe ni mjane, madam. Leta barua ya chifu wa kule uliolewa, iseme huna nyumba. Bila hiyo, kodi ya miaka yote inarudi serikalini. Na ujue hiyo nyumba iko na mtu mwingine anaingojea."

Huna nyumba! Jamani, kama kuna maneno Roselyne aliyajua kwa moyo, ni hayo. Kule Sirisia kulikuwa na nyumba ya matofali aliyoijenga kwa mshahara wake mwenyewe, mumewe Hillary akiwa hai. Hillary alipofariki, matanga hayajaisha, shemeji yake Wepukhulu akamwambia desturi ni desturi, atamrithi. Roselyne akakataa. "Basi huna nyumba hapa," Wepukhulu akatangaza mbele ya waombolezaji wote, na hakuna aliyefungua mdomo, hata mama mkwe, Bilha, aliyekuwa ameketi palepale kwenye mkeka. Roselyne akambeba binti yake Ivy mgongoni, akaenda zake Kitale. Nyumba ikageuzwa stoo ya mahindi ya Wepukhulu.

Sasa ona dunia. Mwanamke huyo huyo, ndani ya matatu ya kurudi Sirisia, njia nzima tangu ilipopita Kamukuywa, alikuwa akiomba Mungu kimoyomoyo Wepukhulu asibadilike, abaki na roho yake ile ile mbaya. Je, akitaka kumkomoa? Je, akisema nyumba ni ya Roselyne, kwa sababu tu amejua hilo litamuumiza? Akafika ofisi ya chifu bila kukumbuka kama alikunywa hata chai.

Kumbe aliogopa bure. Wepukhulu aliitwa, akaja na gambuti zake za shambani, akaketi bila kumsalimia.

"Mimi nilisema na bado nasema," akamwambia chifu. "Huyu hana kitu kwetu. Hana hata tofali moja. Andika hivyo, na uandike na kalamu nzito."

Roselyne nusura amshukuru. Aibu ilimpanda usoni, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, furaha ya ajabu ya mtu anayetukanwa kwa faida yake. Chifu akavuta karatasi, akaanza kuandika. Roselyne akawa anahesabu mistari: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bado sahihi na muhuri tu.

"Ati nani hana nyumba?"

Alikuwa Bilha. Kikongwe alikuwa amesikia sokoni kwamba mkwe wake yuko kwa chifu, akaja na fimbo yake, jasho likimtoka, bila kungoja mtu amshike mkono. Wepukhulu akasimama. "Mama, rudi nyumbani. Haya si yako."

"Wewe nyamaza. Siku ya matanga nilikuogopa kwa sababu ndiwe unanilisha. Leo sikuogopi, hata ukininyima hicho chakula." Akafungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo. "Huu Hillary aliniachia. Kila Jumamosi ninafagia chumba cha mbele, hata mahindi na panya wajae vipi. Chifu, matofali alinunua nani? Bati alinunua nani? Andika: nyumba ni ya Mama Ivy."

Kalamu ikasimama. Miaka saba! Miaka saba Roselyne alingoja mtu mmoja tu wa boma lile aseme hivyo, na maneno hayo yakaja leo, saa hii.

Chifu hakuwa mjinga. Alimtazama Roselyne, akamtazama kikongwe, akashusha sauti. "Mama Ivy, pengine ni umri tu? Wazee wetu husahau, si unajua? Wewe sema tu, nimalize barua."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu, na parachichi ni lake. Bilha naye alikuwa akimtazama, ufunguo ungali mkononi, kama mtoto aliyesoma risala yake mpaka mwisho na sasa anangoja kupigiwa makofi.

"Hajasahau," Roselyne akasema. "Anajua anachosema. Nyumba ni yangu."

Wepukhulu akacheka kwa dharau, akatoka. Chifu akatikisa kichwa, akaikunja karatasi, akaitupa kwenye ndoo.

Nje, kikongwe alimtia ufunguo kiganjani, akamshika mkono wa pili na kuegemea kwake. Walitembea polepole kuelekea kwenye boma, Roselyne akiwaza uso wa Jelimo kesho saa sita, na yule mtu mwingine anayengojea kanyumba ka parachichi. Hakujua angemwambia Ivy nini.

"Mwanangu," Bilha akasema, akihema, meno yake mawili yakionekana kwa furaha, "leo nimekusaidia, si ndiyo?"

Roselyne aliubana ufunguo kwenye kiganja mpaka ukamuuma.

"Ndiyo, mama. Umenisaidia sana."